Mpaka Swingi Inyooke

Jirani yangu anaweka madirisha mapya. Tangu asubuhi mafundi wanachomelea nondo ukutani kwake, na harufu imevuka ua ikaingia jikoni kwangu, harufu ya chuma kilichoungua pamoja na rangi ya zamani iliyoungulia juu yake. Ukishaisikia hiyo, hata kitunguu unachokaanga hukisikii. Nimezima jiko nikakaa. Mume wangu akapiga simu kuuliza kama nimeshapika, nikamjibu kwa ukali, maskini ya Mungu, wala hana kosa. Ningemwambia nini? Kwamba mke wake, mtu mzima, amenusa chuma akarudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, amesimama ndani ya duara, jua la Dodoma linampiga utosini, na hawezi kutoka?

Ngoja niwasimulie ninyi wa rika langu, ninyi mliocheza rede mtaani mpaka mama akaita ule mwito wa mwisho wenye jina lako na la baba yako. Mtanielewa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia ulikuwa unauona mchezo kwa macho yako na huruhusiwi kuuingia, wanakuuliza kwani simu hukuwa nayo.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, chochote umletee. Alitoka Kondoa akiwa kijana, akajenga Ipagala, na nyuma ya nyumba akasimamisha kibanda cha mabati cha kufanyia kazi. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mpole, mpole mpaka inaudhi, na sikumbuki kama aliwahi kunichapa. Lakini akishaamua jambo, hata umlilie machozi ya damu hageuki. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote kwa ule mwanga wa kuchomelea, na jioni Mama alimwekea vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Basi analala chali mkekani, haoni kitu, na hapo ndipo anapotupangia maisha yetu.

Siku moja alipata kazi kwenye nyumba ya bosi mmoja, mtu mkubwa, sijui mkubwa wa wapi. Bosi yule alikuwa na binti wa umri wangu, na binti alikuwa akifundishwa gofu uani na mwalimu aliyeletwa wakati wa likizo. Baba alikuwa juu ya ngazi anafunga madirisha, anachungulia. Mwisho bosi akamwita, akamwonyesha picha, akamwambia amtengenezee kile kitu. Kilikuwa duara kubwa la bomba la chuma, limelazwa upande, chini linakaribia magoti ya mtu na juu linampita mabega. Mchezaji anasimama katikati, anaegemeza fimbo yake juu ya bomba, anaitelezesha kwenda nyuma na kuirudisha mbele. Mkono ukishaizoea njia hiyo, hata duara likiondolewa haupotei. Baba akalichomelea, bosi akafurahi, na katika kufurahi kwake akasema maneno yaliyoniponza mimi. Alisema watoto wa kike wanaocheza gofu wanatafutwa kwa tochi. Wanasomeshwa, wanapandishwa ndege, dunia inawafungukia. Akampa na fimbo kuukuu ya mtoto wake, ile aliyokwishaizidi kwa urefu.

Baba akarudi nyumbani siku hiyo hata viazi vya macho hakutaka.

"Mama Salma," akamwambia Mama, Salma akiwa dada yangu mkubwa aliyekwisha kuolewa, "huyu mdogo atacheza gofu."

"Atacheza wapi?"

"Gofu."

"Gofu si nyumba iliyobomoka?" Mama akauliza. Alikuwa anachagua mchele, wala hakuinua kichwa. "Mtoto akacheze magofuni aumwe na nyoka?"

Baba akaeleza, Mama akasikiliza, akasema sawa, ila maji nani atachota. Mimi nikaitwa, nikapiga magoti mbele ya Baba, akanishika kichwa akaniambia, "Mama, nakutengenezea kitu cha swingi. Kizuri sana."

Jamani! Shuleni kwetu kulikuwa na bango la maneno ya Kiingereza ukutani, na kwenye neno swingi palichorwa msichana wa gauni jekundu, amekaa juu ya bembea, miguu hewani, nywele zinapepea. Kwa hiyo nilijua ninaletewa nini. Mtaa wetu mzima haukuwa na bembea. Nilikwenda kwa rafiki yangu Neema, nyumba ya pili, nikamtangazia, Neema akatangazia wengine, na kabla jua halijazama nilikuwa mtu mkubwa. Watoto ambao jana yake walinitoa kwenye rede kwa kuwa nalia sana, leo wananibebea mkoba. Nilipanga zamu. Neema wa kwanza, aliyenipa ubuyu wa pili, aliyenisukuma kisimani wa mwisho kabisa, na asipokuwa na adabu hapandi.

Na Baba alipoanza kazi, kila alichokifanya kilikuwa cha bembea. Alichimba mashimo. Alisimamisha nguzo za chuma. Alichukua mabomba aliyoyanunua kwa mtu wa skrepa, muuza vyuma chakavu, akayajaza mchanga ili yasijikunje vibaya, akayapasha moto mpaka yakawa mekundu, akayapinda taratibu, anahema, jasho linamdondoka kwenye chuma linaliliwa palepale. Sisi tumejipanga kwenye ua wa minyaa, tumetoa macho. Neema akaniuliza mbona pembeni pamekuwa duara. Nikamwambia hizo ni za kisasa.

Siku kazi ilipokamilika walikuja wote, wengine wameoga. Baba akanishika mkono akaniinamisha nipite chini ya bomba, nikaingia katikati. Nikageuka kutafuta pa kukalia. Hapakuwa na pa kukalia. Akanipa fimbo.

"Kiwiko ndani. Kichwa usiinue. Iegemeze, irudishe nyuma. Taratibu."

Neema ndiye aliyesema. "Fundi, shikamoo. Sasa hii bembea mbona haibembei?"

"Nani kasema bembea?" Baba akauliza, mwenyewe anashangaa kwa kweli.

Kile kicheko bado nakisikia. Walicheka mpaka wakakaa chini. Na Baba Neema, ambaye alikuwa mshauri wa mahakama, anayevaa koti siku za kesi kwenda kukaa na hakimu, akatokeza kichwa juu ya minyaa kutazama kinachochekwa. Alinitazama nilivyosimama mle ndani, chuma kimenizunguka.

"Loh! Fundi, mtoto umempandisha kizimbani! Kosa lake nini?"

Watu wazima wakacheka kicheko chao, watoto wakalidaka neno. Tangu saa ile kitu kile hakikuitwa tena swingi wala duara. Kiliitwa kizimba. "Yuko kwenye kizimba chake." "Kizimba chako leo kina joto?" Mimi sikujua kizimba kingine duniani. Mahakama nilikuwa naisikia tu, kama ninavyosikia habari za bahari.

Sasa ndipo yakaanza maisha yangu ya chuma. Kila siku nikitoka shule, nikishakula na kuswali, naingia. Mipira ya gofu hatukuwa nayo, kwa hiyo Baba alichuma ndulele kwenye vichaka, zile za njano, akanipangia chini. Fimbo ikipita sawasawa kwenye bomba inateleza kimya na ndulele inaruka mpaka ukutani. Ikipotea njia, chuma kinagonga chuma, ngaa! na mikono inakufa ganzi mpaka kwenye meno. Siku za mwanzo ilikuwa ngaa tupu. Jua lilikuwa limelipasha lile bomba tangu asubuhi, ukiligusa kwa bahati mbaya linakuachia mstari mwekundu mkononi. Upepo wetu mnaujua, unaleta vumbi jekundu unakubandika usoni, na mimi siruhusiwi kuinua kichwa wala kupangusa jicho. Ndulele zilizopasuka zinanuka uchungu. Na nyuma ya minyaa nawasikia wenzangu. Mpira wa soksi unavuma, Neema yuko kati anakwepa, anajaza mchanga kwenye chupa kwa kasi, wanamhesabia, wanapiga kelele, na naijua kila kelele maana yake, nani katoka, nani kaingia, na mimi pale nimesimama kama mbuzi wa kuchinjwa.

"Baba, nimechoka."

"Najua, mama."

"Naomba nitoke."

"Hutoki humo mpaka inyooke."

Hakuwa anafoka. Angefoka ningepata nafuu. Alikuwa anaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananitazama kwa yale macho yake mekundu, ana subira ya ajabu, na kila ninapokosea ananiambia rudia. Yeye mwenyewe wakati mwingine aliingia kunionyesha, akipinda mgongo kwa shida, na swingi yake, astaghfirullah, ilikuwa balaa. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa kinaruka nje kila mara kama bawa la kuku, na chuma kinalia kuliko changu. Anatoka anacheka. "Mimi nimeshakauka," anasema. "Wewe bado mbichi. Mimi nimechungulia madirishani kwa watu maisha yangu yote. Wewe utakaa ndani."

Ndani. Mimi nilikuwa tayari niko ndani, na nilitaka nje! Niseme ukweli wangu, nilimchukia. Nilikuwa nalala namchukia na naamka namchukia, na bado akirudi kutoka kazini namkimbilia kumpokea mfuko. Mama alijaribu kunitetea. Alisema mtoto anakaangwa na jua, alisema maji yanachotwa na mwanamke mmoja nyumba nzima wakati msichana yupo amesimama anapiga ndulele. Wakati ule maji yalikuwa ya shida kweli kweli, ndoo zinapangwa foleni tangu alfajiri. Baba akamwambia, "Vumilia kidogo. Itanyooka." Mama akarudi kwenye ndoo zake, kwa sababu na yeye, nadhani, lile neno la kupandishwa ndege lilikuwa limemwingia.

Mchana mmoja akaja mteja na toroli lililokatika mguu. Alikuwa mzee wa kutoka huko nje ya Mkonze, mrefu, kofia ya pama, akasalimia "Mbukwa!" na Baba akaitikia. Wakati Baba anachomelea, yule mzee akawa ananitazama. Alinitazama, akasogea, akalitazama na bomba, akapitisha kidole pale kwenye kiungo palipokuwa na alama ya rangi ya bluu. Mimi nikavimba kichwa. Nilidhani amevutiwa na swingi yangu. Nikajitahidi, nikapiga moja ikateleza kimya, nikapiga nyingine. Alitikisa kichwa, akaondoka na toroli lake bila hata kusubiri chenji yake.

Kesho yake alirudi na askari.

Nilikuwa ndani ya duara. Gari ilisimama upande wa barabara, wakaingia wamevaa viatu vyao vizito, yule mzee nyuma yao. Walisema na Baba maneno mengi, niliyashika mawili matatu tu, mradi wa maji, mabomba, kijiji. Baba akawa anasema nilinunua, mimi nilinunua kwa mtu, hata ile alama yenu hiyo hapo sikuikwangua, ningekuwa mwizi si ningeikwangua? Askari mmoja akaja kwangu.

"Toka humo, mtoto."

Sikutoka. Nikamtazama Baba, kwa sababu sheria ya mle ndani ilikuwa ya Baba. Alikuwa anafungwa pingu. Akanitazama, akatabasamu, tabasamu limekaa vibaya usoni.

"Imenyooka leo, mama," akasema. "Toka."

Lakini haikuwa imenyooka. Muda mfupi tu kabla yake chuma kilikuwa kimelia, ngaa, na yeye alikisikia, na mimi nilijua kwamba alikisikia. Nikainama nikatoka. Wakaling'oa duara na miguu yake, wakalipakia nyuma ya gari, wakampakia na Baba pembeni yake. Uani pakabaki mashimo.

Msinilaumu kwa hili nitakalowaambia sasa. Mtoto ni mtoto. Mama alikuwa ndani anafunga mtandio wake, akatoka mbio kuelekea kituoni, na mimi nikasimama pale nikatazama uwanja mtupu, na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba kizimba hakipo. Hakipo! Nikapita kwenye minyaa nikaingia kwenye rede. Nikacheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Niliingia kati, nikakwepa, nikajaza chupa, nikaimwaga, na Neema mwenyewe akasema leo una mashetani.

Shangazi, dada yake Baba, alikuja na basi la kwanza kutoka Kondoa. Aliingia, akaanguka mikononi mwa Mama, wakalia pamoja. Kisha wakaenda mjini wote wawili, wakaniacha kwa kina Neema. Waliporudi nilikuwa mlangoni. Nikamuuliza Shangazi Baba yuko wapi. Alikuwa anavua viatu, hana nguvu hata ya kudanganya.

"Baba yako kapandishwa kizimbani," akasema.

Mnaona basi. Wamechukua kizimba changu, wamemchukua na Baba, na sasa wamempandisha ndani yake. Kwa mtoto wa darasa la tatu mahesabu hayo hayana shida hata kidogo. Na sababu yake niliijua, maana nilikuwepo. Baba alisema imenyooka na ilikuwa haijanyooka. Alinitoa kabla ya wakati. Sasa amewekwa yeye mahali pangu.

"Atatoka lini?" nikauliza.

"Sijui, mwanangu. Mpaka mambo yake yanyooke."

Weee! Ninyi hamkuiona swingi ya Baba. Kile kiwiko! Mtu yule angesimama mle mpaka nywele ziwe nyeupe, jua linampiga, watu wanamcheka, na chuma kinalia. Nilijua bomba linavyochoma. Nilijua mikono inavyokufa ganzi. Na yeye ana macho mabovu, vumbi likimwingia nani atamwekea viazi?

Rede ikaisha kwangu siku hiyo. Nilikwenda uani, nikasimama katikati ya yale mashimo, nikachukua mpini wa ufagio kwa sababu fimbo nayo walikuwa wameibeba, nikaanza. Kiwiko ndani. Kichwa usiinue. Duara nililiona hewani, kila sehemu yake, nililijua kuliko kitanda changu. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyeketi kwenye ndoo. Nilikuwa nikitoka shule nasimama pale mpaka Mama ananivuta nikale. Alidhani nimechanganyikiwa. Alimwambia Shangazi asubuhi moja, akidhani sisikii, mtoto ameingiwa na kitu. Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Yake haitanyooka, basi inyooke yangu, halafu niwaonyeshe hao waliomchukua kwamba Baba hakusema uongo, alisema mapema tu.

Huku nje mambo yalikuwa mabaya. Kijiji cha yule mzee kilikuwa kimesubiri maji miaka, mabomba yakaletwa, na kabla hayajafukiwa yakaibwa. Watu walikuwa na haki ya kuwa na hasira. Pale kwenye foleni ya ndoo mwanamke mmoja alimwambia Mama mbele ya watu wote, "Kumbe maji ya wenzenu mmeyakunja duara muwachezeshe watoto!" Mama alishika ndoo yake tupu tukarudi nayo nyumbani, na siku hiyo tulipikia maji ya kuazima kwa Mama Neema.

Baba alirudi, nawaambia mapema msije mkanililia bure. Alirudi mvua zilipoanza, baada ya yule mtu wa skrepa kukamatwa na mabomba mengine na kusema mwenyewe aliyatoa wapi na kumuuzia nani. Alirudi mwembamba, akachomelea madirisha mpaka mikono ilipokataa, na neno gofu hakulitamka tena ndani ya nyumba yetu. Akinikuta nacheza na wenzangu ananipita kimya, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Sikucheza gofu maishani mwangu, na uwanja wake mpaka leo nimeuona kwenye televisheni tu. Lakini siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa kabla ya hapo, siku Mama alipokosa wa kumwachia mimi akanichukua kwenda mahakamani.

Nilivaa gauni la Idi. Chumba kilikuwa kimejaa, feni linazunguka bila upepo. Wakamwingiza Baba, na kwanza sikumjua, ndevu zimemjaa. Akasimama ndani ya kibanda kidogo cha mbao, chenye kilango, na mtu akasema kwa sauti, "Mshtakiwa yuko kizimbani." Nikatazama pembeni, na duara letu hilo hapo limeegemezwa ukutani, limefungwa kikaratasi chenye namba, halina mtu. Nikaelewa kwamba viko viwili. Chake walimtengenezea cha mbao.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Akauliza hiki kitu ni nini. Mwendesha mashtaka akasema ni mabomba ya mradi, yamekunjwa ili yasitambulike. Baba akasema, "Hapana, mheshimiwa. Ni kifaa cha mwanangu. Cha mazoezi ya gofu."

Chumba kizima kikacheka. Hata askari aliyekuwa mlangoni alicheka. Fundi wa kuchomelea wa Ipagala, mwanaye anacheza gofu! Hakimu akagonga meza. Akamtazama Baba.

"Mwanao mwenyewe yuko wapi?"

"Yule pale, mheshimiwa."

Nikasimama kabla sijaitwa. Mama alinishika gauni, nikajitoa. Hakimu akaniuliza jina, akaniuliza kama hiki kitu nakijua. Nikasema ndiyo, ni kizimba changu. Wakacheka tena, yeye hakucheka. Akawaambia waliegemeze sawasawa, askari wawili wakalishika huku na huku, karani akanipa ile fimbo. Nikainama nikaingia. Bomba lilikuwa la baridi. Sikuwahi kulijua likiwa la baridi.

Kiwiko ndani. Kichwa sikuinua. Fimbo ikapanda kwenye bomba kimya, ikafika juu, ikashuka, ikapita, ikamalizikia begani. Hapakuwa na mlio wowote. Nikarudia, na tena hapakuwa na mlio. Nasikia feni tu. Nikajua kwamba imenyooka. Imenyooka kabisa, na wote wameona.

"Ahsante, binti," hakimu akasema. Akamgeukia Baba. "Kwa hiyo bomba hili ulilikata na kulipinda wewe mwenyewe."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na aliyekuuzia yuko wapi?"

Baba akatazama chini. "Hajapatikana, mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Akataja siku nyingine. Akasema mshtakiwa arudishwe rumande. Askari akafungua kile kilango cha mbao, akamshika Baba kiwiko akamtoa, na mimi nikacheka kwa furaha, kwa sauti, nadhani nilikuwa mtu pekee aliyecheka saa hiyo. Halafu nikaona wanamvisha pingu. Nikaona wanaelekea mlango wa nyuma, sio huu wetu.

"Baba! Imenyooka! Hukuona?"

"Nimeona, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Imenyooka. Toka sasa, nenda kwa mama yako."

Siku ile uani alisema hivyohivyo, nikatoka, wakamchukua. Mama akaniita. Karani akaniita. Askari wa kike akanijia polepole, amenyoosha mkono, ananichekea. Nikaiachia fimbo ikaanguka sakafuni, nikalikumbatia bomba kwa mikono yote miwili, nikalibana kifuani. Walinishika kiunoni, wakanivuta, duara likavutika pamoja na mimi likikwaruza sakafu, na mimi napiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia madirishani.

"Niacheni! Mwacheni Baba aende nyumbani! Mimi ndiye wa humu! Mimi ndiye wa humu!"

Baba hakugeuka. Nilimuuliza Mama kwa miaka kwa nini hakugeuka, na Mama alikuwa akibadilisha mazungumzo, mpaka juzi juzi tu, Baba mwenyewe tumeshamzika, ndipo aliponiambia. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa nyuma, akasema, hakuwa na cha kujifutia machozi.